Je, Mgonjwa Alaumiwe kwa Maradhi Yake?

Katika mambo ambayo watu huyakatia hukumu upesi bila ya kuyapima, hili ni moja: mtu akiugua, khasa akiugua tumbo, kabla hajafikishwa kwa tabibu huwa ameshahukumiwa barazani. Mmoja atasema, "Ni ulaji wake." Wa pili atasema, "Ni mawazo. Yule hana kazi ila kufikiri." Wa tatu atanong'ona kuwa ni jicho la jirani. Na wa nne, ambaye hujiona ndiye mwenye hekima kuwashinda wote, atasema, "Imeandikwa hiyo, hapana la kufanya." Hukumu nne juu ya mtu mmoja, wala hapana katika mahakimu hao aliyepata kujua kinachopita ndani ya utumbo wake.

Swali tulitakalo kulizungumza ni hili: je, ni haki kumlaumu mgonjwa kwa maradhi yake? Na ikiwa si haki, je, maana yake ni kwamba mtu hana jukumu lolote juu ya afya yake? Swali hili lina uzito kuliko linavyoonekana, na katika zama zetu limezidi uzito, kwa sababu wataalamu wamegundua mengi juu ya vijidudu vinavyoishi matumboni mwetu na uhusiano wake na maradhi ya utumbo na saratani. Basi yafaa tuyaeleze kwanza yaliyothibitika, kisha tuyatie katika mizani.

Tuanze na vidonda vya tumbo, kwani ni maradhi yajulikanayo katika kila mtaa. Kwa muda mrefu katika karne ya ishirini, matabibu wengi duniani waliamini kuwa vidonda hivyo huletwa na wasiwasi, na wingi wa asidi, na vyakula vikali. Mgonjwa aliambiwa apunguze kazi, atulize moyo, aache pilipili, anywe maziwa. Wengine walikatwa sehemu ya tumbo kwa upasuaji. Na ndani ya nasaha hizo mlikuwa na lawama iliyojificha, kwamba mgonjwa amejiletea mwenyewe kwa tabia yake.

Mwaka 1979, katika mji wa Perth nchini Australia, tabibu Robin Warren aliona kwa darubini vijidudu vilivyopinda katika vipande vya ngozi ya ndani ya tumbo. Mwaka 1982 yeye na mwenziwe, Barry Marshall, walifaulu kuviotesha. Wengi hawakuwasadiki, kwani ilidhaniwa kuwa hapana kiumbe kiwezacho kuishi katika asidi ya tumbo. Mwaka 1984 Marshall akanywa yeye mwenyewe maji yaliyojaa vijidudu hivyo. Baada ya siku chache alishikwa na kichefuchefu na kutapika, na alipotazamwa, ngozi ya ndani ya tumbo lake ikaonekana imefura. Kijidudu hicho huitwa Helikobakta pilori. Mwaka 1994 taasisi ya uchunguzi wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani ilikitia katika daraja la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani kwa wanaadamu, nayo ni saratani ya tumbo. Mwaka 2005 mabwana hao wawili walipewa tuzo ya Nobel.

Sasa tupime. Kijidudu hiki aghalabu humwingia mtu utotoni, kutoka kwa watu wa nyumba yake. Yule mzee aliyeambiwa miaka thelathini kuwa anajiua kwa mawazo, huenda alikipata zama hajajua kusema wala kutembea. Na wale ambao vidonda vyao havikuletwa na kijidudu hiki, wengi wao vililetwa na dawa za maumivu, kama aspirini, walizozitumia kwa kutaka kupoa. Basi lawama ile ilikuwa imejengwa juu ya nini? Mwenye kulaumu, kabla ya kukosa huruma, alikuwa amekosa elimu: alisema asilolijua kana kwamba amelishuhudia. Na ubaya wa jambo hili hauishi katika maneno. Muda wote mgonjwa alipokuwa akilaumiwa, dawa yake haikutafutwa mahali ilipokuwapo. Leo vidonda hivyo hutibiwa kwa dawa za kuua vijidudu pamoja na dawa ya kupunguza asidi, kwa muda wa majuma mawili hivi.

Lakini tusikimbilie upande wa pili tukasema kuwa kijidudu ndicho chenye kosa lote. Imekadiriwa kuwa karibu nusu ya watu duniani wamekuwa wakikibeba, na walio wengi hawapati vidonda, na wanaopata saratani ni wachache zaidi. Ukubwa wa chumvi katika chakula, uvutaji wa sigara, maumbile ya mtu mwenyewe na aina ya kijidudu chenyewe, vyote hivyo vina sehemu yake. Sababu ya maradhi mara nyingi ni kamba ya nyuzi nyingi, na anayeushika uzi mmoja akasema "huu ndio kamba" hajasema kweli.

Tukishuka katika utumbo mpana tunaona mambo makubwa zaidi. Wataalamu waliohesabu upya mwaka 2016 walikadiria kuwa mtu mzima ana bakteria wapatao trilioni 38 mwilini mwake, na karibu wote wamo katika utumbo mpana, na uzito wao wote ni kiasi cha gramu 200 tu. Hawa si adui. Walio wengi hutufaa: huvunja nyuzinyuzi za nafaka, kunde na mboga ambazo sisi wenyewe hatuwezi kuziyeyusha, na katika kuzivunja hutoa asidi moja iitwayo butireti, ambayo ndiyo chakula cha ngozi ya ndani ya utumbo na hutuliza uvimbe wake. Wengine hutengeneza vitamini. Na kwa wingi wao huwazuia wageni wabaya wasipate pa kukaa.

Katika wakazi hao, hata hivyo, wamo wenye kudhuru. Mwaka 2012 makundi mawili ya wataalamu, moja la Marekani na moja la Kanada, yalitangaza kuwa kijidudu kiitwacho Fusobakteria, ambacho makazi yake ya kawaida ni kinywani na hujulikana kwa kuharibu fizi, kimepatikana kwa wingi ndani ya uvimbe wa saratani ya utumbo mpana. Mwaka 2020 wataalamu wa Utrecht, nchini Uholanzi, waliotesha vipande vidogo vya utumbo wa binadamu maabarani, wakaviweka pamoja na aina fulani ya kijidudu cha E. koli kinachotoa sumu iitwayo kolibaktini. Baada ya miezi mitano waliona kuwa sumu hiyo imeacha alama yake makhsusi katika vinasaba, na alama hiyo hiyo wakaikuta katika saratani za baadhi ya wagonjwa. Kisha mwaka 2025 zikatolewa khabari za uchunguzi wa saratani 981 kutoka nchi 11: alama za kolibaktini zilionekana mara 3.3 zaidi kwa waliopata saratani kabla ya kutimiza miaka 40 kuliko kwa waliozidi miaka 70. Na dalili zinaonyesha kuwa alama hizo huandikwa mapema mno, katika miaka kumi ya mwanzo ya maisha.

Ndugu msomaji, litazame jambo hilo la mwisho. Kijana wa miaka 35 ameambiwa ana saratani ya utumbo. Watu wanauliza amekula nini mwaka jana na juzi. Na huenda jeraha la kwanza liliandikwa katika vinasaba vyake alipokuwa chuoni akijifunza alifu na be. Nani atalaumiwa? Mtoto? Mama yake, ambaye hakuna aliyemwambia, wala aliyeweza kumwambia?

Hapa pana jambo jengine la kuangalia, nalo ni la uadilifu wa fikira. Kijidudu kukutwa ndani ya uvimbe hakutoshi kuthibitisha kuwa ndicho kilichouleta. Kadhi hamhukumu mtu kwa wizi kwa kuwa alionekana karibu na duka usiku. Huenda alikuwa akipita njia, huenda alikuja baada ya mlango kuvunjwa. Ndivyo ilivyo kwa Fusobakteria: yawezekana ilisaidia kuuanzisha uvimbe, na yawezekana iliukuta umeshaota ikapapenda. Kwa hivyo wataalamu hawakutosheka na kuiona tu. Mwaka 2017 waliwapa panya waliopandikizwa saratani hiyo dawa ya kuua kijidudu hicho, na uvimbe ukapunguza kasi ya kukua. Hiyo ni dalili yenye nguvu kuwa hushiriki katika kuukuza, ijapokuwa panya si mtu. Basi ikiwa wataalamu kwa darubini zao na miaka yao ya kazi husita kukihukumu kijidudu mpaka wapate ushahidi, imekuwaje sisi tukamhukumu mwanaadamu mwenzetu kwa ushahidi wa baraza?

Mtu anaweza kutupinga hapa, na pingamizi lake ni la haki kusikilizwa. Atasema: "Mmeondoa lawama yote. Basi kila mtu na ale atakacho, na asiangalie lolote, kwa kuwa mwenye kosa ni kijidudu au ni utoto." Hapana, hatusemi hivyo, na elimu yenyewe haisemi hivyo.

Daktari Denis Burkitt, mpasuaji wa Ireland aliyefanya kazi Uganda kuanzia mwaka 1946 kwa karibu miaka ishirini, alishangazwa na uchache wa saratani ya utumbo mpana kwa watu wa mashamba wa Afrika, hali ya kuwa Ulaya na Marekani ilikuwa ikiua wengi. Katika mwaka 1971 aliandika kuwa sababu kubwa ni chakula: huku watu walikula nafaka, mizizi na kunde zenye nyuzinyuzi nyingi, na kule vyakula vilivyokobolewa na kusafishwa. Mwaka 2015 jambo hili lilijaribiwa kwa njia ya ajabu. Wamarekani weusi 20 wa Pittsburgh na watu 20 wa mashamba ya KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, walibadilishana chakula kwa majuma mawili. Wamarekani walitoka katika gramu 14 za nyuzinyuzi kwa siku wakafika 55. Na wale wa Afrika walishuka kutoka gramu 66 mpaka 12, na mafuta na nyama vikazidi. Katika muda huo mfupi kazi za vijidudu vya matumbo yao ziligeuka: butireti ikazidi kwa Wamarekani na dalili za uvimbe zikapungua, na kwa wenziwao wa Afrika ikawa kinyume. Majuma mawili hayaleti saratani wala hayaiondoi, lakini yanaonyesha mlango ulipo. Mwaka huo huo ile taasisi ya saratani ilitangaza kuwa nyama za viwandani, kama soseji, ni katika vitu vinavyosababisha saratani ya utumbo, na kwamba kila gramu 50 zinazoliwa kila siku huzidisha khatari kwa asilimia 18 hivi.

Basi chakula kina nguvu, na mtu ana nafasi ya kuchagua. Hilo halikataliki. Lakini tuangalie tafauti iliyopo baina ya mambo mawili ambayo watu huyachanganya: lawama na wajibu. Lawama hutazama nyuma, ikamtafuta mkosa. Wajibu hutazama mbele, ukauliza lipi laweza kufanywa sasa. Nyumba ikishika moto, majirani wana wajibu wa kuuzima ijapokuwa hapana hata mmoja kati yao aliyeuwasha. Vivyo hivyo mtu aweza kuwa na wajibu wa kuichunga afya yake bila ya kuwa na kosa katika kuugua kwake. Na mwenye kuutimiza wajibu huo kwa ukamilifu aweza kuugua vile vile.

Sababu ya pili ya kuyatenga mambo haya mawili ni kwamba elimu ya makundi haimhukumu mtu mmoja. Tukijua kuwa watu wanaokula soseji kila siku hupata saratani zaidi ya wasiokula, tumejua jambo la kweli juu ya umati. Hatukujua kuwa huyu aliyelala kitandani mbele yetu ameugua kwa ajili hiyo. Wako walioishi kwa mbaazi na mboga wakaugua, na wako waliokula kila kitu wakazikwa na miaka tisini. Elimu ya umati ni nzuri kwa kujiongoza. Ni dhuluma ikitumiwa kumkatia hukumu mtu mmoja ambaye khabari zake hatuzijui.

Na sababu ya tatu ni kwamba chaguo la mtu si lake peke yake. Vijidudu vyetu vya kwanza tumevipokea kwa mama zetu na kwa watu wa nyumba zetu. Chakula chetu tunakikuta dukani kama kilivyokwisha kukobolewa, na mara nyingi kilicho kibaya ndicho rahisi. Dawa za kuua vijidudu zinazonunuliwa ovyo bila ya amri ya tabibu, kwa kila homa na kila mafua, huua wema pamoja na wabaya, na huacha utumbo mtupu kwa wageni wakali. Mmoja wa wageni hao ni Klostridio difisile, anayeleta kuhara kwa kuua. Mwaka 2013 matabibu wa Uholanzi walitoa khabari za wagonjwa 16 wa maradhi hayo yaliyokuwa yakirudi kila mara, waliotiliwa vijidudu vilivyotoka katika choo cha watu wenye afya. Walipona 13 kwa mara ya kwanza; na katika 13 waliopewa dawa ya kawaida peke yake walipona wanne. Kwa hivyo hata katika jambo la siri kama utumbo, afya ya mmoja imo katika mikono ya wengi, na wanaopenda kulaumu yawapasa waanze kuigawa lawama kwa wote, wakiwamo wao.

Yamebaki madhara ya lawama yenyewe, nayo ndiyo yaliyotusukuma kuandika. Saratani ya utumbo mpana, pamoja na ya njia ya haja kubwa, iliwapata watu wapya kiasi cha milioni 1.9 duniani katika mwaka 2022, na ilikuwa ya pili katika saratani zote kwa kuua. Na hali yake ni kwamba aghalabu huanza kama kinyama kidogo kisicho na maumivu, kikakua pole pole kwa miaka mingi, pengine kumi. Kikionekana mapema hukatwa na khabari ikaisha. Hata ikishakuwa saratani, ikigunduliwa mapema wengi hupona, ikichelewa, wachache. Tafauti ya kupona na kufa basi ni wakati, na kiulacho wakati huo ni kimya.

Kwetu sisi watu wa pwani kimya hicho kina walinzi wawili. Wa kwanza ni haya. Haya ni pambo la mtu, na hatutaki ipungue. Lakini haya iliwekwa iwe stara ya heshima, haikuwekwa iwe pazia la mauti. Mtu anaona damu chooni, anasema ni bawasiri, anakunywa dawa za mitishamba mwaka mzima, na hata mkewe hajui. Mlinzi wa pili ni khofu ya kulaumiwa. Anajua kuwa akisema tu, ataulizwa alikula nini na alifanya nini, na pengine atasingiziwa mengine makubwa zaidi. Basi ananyamaza. Kila neno la lawama linalosemwa barazani juu ya mgonjwa wa leo linasikiwa na mgonjwa wa kesho ambaye bado hajajidhihirisha, nalo linamfundisha kujificha. Wanaosema kuwa lawama huwafanya watu waangalie afya zao na walitazame hilo.

Ama yule wa nne, asemaye kuwa imeandikwa na hapana la kufanya, tunamjibu kwa neno moja. Vidonda vya tumbo navyo alisema vimeandikwa, na dawa ilipokuja vikapoa. Ikiwa maradhi yameandikwa, basi kupatikana kwa dawa na kwenda kwa tabibu navyo vimeandikwa, na hapana aliyempa yeye khabari kuwa ukurasa umeishia katika maradhi. Huyu naye anahukumu asilolijua, kama wenziwe watatu.

Kwa hayo tunafikia mwisho wa maneno. Mgonjwa halaumiwi kwa maradhi yake, kwa kuwa mwenye kulaumu hana elimu ya kumwezesha kuhukumu, na kwa kuwa lawama yake humdhuru hata asiyemkusudia. Lakini kila mmoja wetu ana wajibu wa mbele yake. Mwenye nyumba na atie katika sahani za watoto wake kunde, mbaazi, mboga na unga usiokobolewa kabla ya soda na soseji, na achunge maji na mikono ya nyumba yake. Mwenye duka la dawa asiuze dawa za kuua vijidudu kama auzavyo peremende. Aonaye damu chooni, au choo chake kimebadilika kwa majuma kadhaa, au amekonda na kuishiwa na nguvu bila ya sababu, na aende kwa tabibu wala asingoje, na amwambie yote bila ya kuficha. Na anayekwenda kumzuru mgonjwa, swali la "ulikula nini?" na aliache mlangoni. Amwulize kama amekwisha kwenda hospitali, na kama hana wa kumpeleka, ampeleke.